Mama IT, Linda Akili Yako Kama Unavyolinda Serumu

Jumatatu asubuhi, kituo cha afya chochote mjini Kalemie. Mlango haujafunguliwa sawasawa na benchi limeshajaa. Akina mama wajawazito wameshika kadi zao, watoto wa chanjo wanalia, mzee mwenye homa ameshushwa kutoka kwenye pikipiki, na muuguzi wa zamu ya usiku anataka kukabidhi aende kulala. Simu inalia: ofisi ya zoni ya afya inauliza ripoti ya wiki. Hapohapo anaingia reko, mhamasishaji wa mtaa, viatu vimejaa tope. "Mama IT, kule Kataki kuko watu wawili wanaharisha tangu usiku. Mmoja hana tena nguvu ya kusimama."

Yote hayo yanakuita wewe, IT, yaani muuguzi mkuu wa kituo, na kila mmoja anaamini jambo lake ndilo la kwanza. Lakini ni moja tu linaloweza kuua mtu kabla ya saa sita mchana. Ukilitambua hilo bila kuyumba na kulipa akili yako yote, umefanya kazi ya uongozi.

Kalemie inakijua kipindupindu. Kimekuwa kikirudi miaka nenda miaka rudi katika mji huu wa ziwani, na hata kampeni ya chanjo ya mwaka 2013 na 2014 haikukifukuza moja kwa moja. Ugonjwa huu haumngoji mtu amalize mambo yake. Mgonjwa aliyekaukiwa sana asipotibiwa ana nafasi kama nusu kwa nusu ya kufa. Akitibiwa vizuri, hatari inashuka chini ya mmoja kwa mia. Kinacholeta tofauti hiyo ni maji na mtu wa kuyasimamia. Mtu mzima wa kilo 60 aliyezidiwa anahitaji lita 6 za serumu ya Ringer kupitia mshipa ndani ya saa 3, na karibu lita 2 za mwanzo ziingie ndani ya nusu saa ya kwanza. Hebu fikiria kazi iliyomo humo: kubadilisha chupa, kushika mapigo ya mkono, kutazama kama macho yaliyozama yameanza kurudi, kuangalia kama amekojoa. Chupa ikiisha wakati wewe umeinamia karatasi ya mtu anayedai sahihi, serumu imekatika na hakuna aliyeona.

Ndiyo maana nakuambia umakini wako ni dawa. Tena ni dawa ambayo boti kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, haiwezi kukuletea. Serumu unaifungia kwenye kabati, unaihesabu, unaitoa kwa mgonjwa anayestahili. Mbona akili yako unaiacha wazi kila anayepita achote?

Anza kabla ya mlango kufunguliwa. Keti na wenzako wote dakika kumi, pamoja na mkunga, mtu wa farmasi, wanafunzi na hata mlinzi, mbele ya rejista ya usiku. Ulizeni: nani anaweza kufa leo? Nini kinaweza kuisha leo? Nani anashika nini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja na ibandikwe ukutani. Usiyabebe kichwani. Kichwa cha mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu na ana watoto nyumbani si mahali pa kuhifadhi orodha.

Anayedhani karatasi ni ya wanaoanza kazi tu, asikilize habari ya Ifakara. Mji huo wa bonde la Kilombero, Tanzania, hospitali yake ilikuwa moja kati ya nane duniani, pamoja na za London, Toronto na Seattle, zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Wale walikuwa madaktari waliosoma, wenye uzoefu wa miaka, na bado karatasi iliwasaidia. Itakusaidia na wewe.

Halafu kuna kukatizwa, na hapa nataka uwe mkali. Unapopiga hesabu ya dozi ya mtoto wa kilo 9, hakuna salamu, hakuna simu, hakuna "Mama IT, dakika moja tu". Wakubaliane wote kwamba ukiwa umesimama kwenye meza ya dawa husemeshwi, isipokuwa kuna mtu anayekata roho. Simu ya kituo ishikwe na mtu mmoja aliyepangwa, aandike ujumbe, akuletee baadaye. Watakaonuna watazoea. Wewe hujawadharau, kuna mtoto unayemlinda.

Kazi nyingine wape wenyewe. Ugomvi wa zamu ya kuteka maji una CODESA, kamati ya wananchi iliyowekwa kwa mambo kama hayo. Kumfuatilia mama aliyekosa chanjo ya mwanawe, reko anaiweza kuliko wewe. Mkunga ana ujuzi wake, mwachie chumba chake. Na ripoti za mwezi zinazokutesa hazitakuwa mlima ukijaza rejista palepale mgonjwa anapotoka. Usizichukie: hesabu ya dawa ulizotumia ndiyo inayoeleza utaletewa ngapi.

Najua wengi wenu mmebeba zaidi ya haya. Tangu vita vya Watwa na Waluba vilipowasukuma watu kukimbilia Kalemie, hasa miaka ya 2016 na 2017, vituo vya mji vimepokea wagonjwa wengi ambao havikujengwa kwa ajili yao. Mnakula ndakala baridi mmesimama. Mnakwenda nyumbani mkiwa mnajilaumu kwa yule ambaye hamkumfikia. Sitakuambia ujikaze zaidi, maana umeshajikaza. Pumzika zamu yako inapoisha, kwa sababu aliyechoka hukosea hesabu. Na mzigo ukizidi, nenda kwa daktari mkuu wa zoni na rejista mkononi, mwonyeshe idadi ya wagonjwa na idadi ya wauguzi, siku kwa siku. Malalamiko husahaulika, lakini tarakimu humlazimu mtu kujibu.

Kwa hiyo kesho, Mama IT, na wewe Papa IT, fika robo saa mapema. Chukua karatasi, andika jina la mgonjwa aliye hatarini zaidi, andika dawa iliyobaki kidogo, andika nani anashika nini. Nenda kwa yule wa kwanza na usigeuke nyuma. Na ninyi mlioko ofisi ya zoni, asubuhi mwacheni atibu. Ripoti ya wiki mwulizeni mchana.