Binti Watatu wa Ayubu na Jina la Mtoto Wako

Masomo: Ayubu 42:12-15, Hosea 1:6 na 2:1, Luka 1:59-63



Ndugu mmoja kijana wa parokia yetu alinijia baada ya ibada, viatu vyake bado mkononi. Akasema: "Shemasi, bibi yangu amejifungua, ni binti. Nataka jina la kiroho, tena jina ambalo hakuna mtu analo katika mji huu mzima." Nikamuuliza kama wameomba. Akajibu kwamba bado, lakini ameleta karatasi. Juu ya karatasi ile kulikuwa na majina kama ishirini. Alikuwa amekata jina lake katikati na jina la bibi yake katikati, akaunganisha vipande, mara kichwa mbele, mara mkia mbele. Moja lilifanana na jina la dawa ya malaria. Tulicheka sisi wawili. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na sababu yake nitaisema mbele kidogo, maana hainipi sifa.

Kwanza tumtazame Ayubu. Kila Mkristo anajua mateso yake: watoto kufa, mali kuisha, mwili kujaa majipu, naye ameketi katika majivu akijikuna kwa kigae. Lakini wengi tunafunga Biblia kabla ya kufika mwisho wa kitabu. Baada ya Mungu kumrudishia heri yake, alizaa tena wana saba na binti watatu. Sasa angalieni vizuri. Wale wana saba hawatajwi majina, hata mmoja. Binti ndio wanaotajwa: Yemima, Kezia na Keren-hapuki. Katika nchi zile, na katika siku zile, ambapo orodha za vizazi ni baba na mwana, baba na mwana, jambo hili si dogo. Na mstari unaofuata unasema kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao.

Na majina yenyewe ni ya namna gani? Wenye elimu ya Kiebrania wanafasiri Yemima kuwa njiwa, Kezia kuwa mti wa manukato, na Keren-hapuki kuwa pembe ya kuwekea wanja, yaani wanja ule ule mama zetu wanaojua. Mtu aliyejikuna kwa kigae anamwita mtoto wake chombo cha wanja! Ayubu alikuwa na haki ya kumwita binti wa kwanza Majipu, wa pili Majivu, na wa tatu Marafiki-Wabaya, na hakuna mtu angemshangaa. Lakini hakuandika malalamiko yake juu ya mtoto. Aliwapa majina ya harufu nzuri na ya uzuri, kama mtu aliyefumbua macho asubuhi.

Sisi hapa kwetu tunafanya nini? Hesabuni tu majina ya watoto wanaokuja kubarikiwa. Kuna Mateso, kuna Machozi, kuna Masumbuko, kuna Shida. Mimi siwahukumu wazazi waliotoa majina hayo. Wengine walizaa njiani wakikimbia vita, na jina lile ndilo kaburi pekee walilowajengea waliokufa. Mke wa Finehasi naye alimwita mtoto wake Ikabodi huku roho inamtoka. Hayo ni machozi ya kweli, na Mungu anayajua. Lakini kuna majina mengine ambayo si machozi, ni mawe ya kumtupia jirani. Hapo ndipo ninapopaswa kusema habari yangu.

Binti yangu wa kwanza anaitwa Masengenyo. Tulikaa katika ndoa miaka minne bila mtoto. Katika lupango na hata ndani ya ukoo wangu watu walisema mengi juu ya bibi yangu, na mengine siwezi kuyaandika katika karatasi ya kanisa. Siku Mungu alipotujibu, mimi sikumtazama Mungu, nilitazama dirisha la jirani. Nikaenda komini asubuhi, nikasema: andika Masengenyo, ili kila watakapomwita wajisikie wenyewe. Bibi yangu alikuwa amechagua Zawadi. Sikumuuliza. Karani aliandika bila kuinua kichwa. Hata hivyo Kode ya Familia ya mwaka 1987 inakataza majina ya kutukana, ya kudharau au ya kuchokoza watu. Mimi, mtu wa kanisa, sikufika hata pale sheria ya serikali ilipofika.

Wale jirani walihama baada ya mwaka mmoja. Jina halikuhama. Mtoto alipofika darasa la tatu alirudi kutoka shule akaniuliza: "Papa, nani alikusengenya?" Nikamwambia ni watu wa zamani. Akasema: "Sasa mbona ni mimi ninayeitwa?" Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi tangu utoto, lakini hakuna lililonipiga kama lile.

Ndipo nikasoma Hosea kwa macho mengine. Nabii yule aliambiwa amwite binti yake Lo-ruhama, maana yake Asiyehurumiwa. Mnaweza kufikiri mtoto yule alipokuwa akiitwa mtoni, watu walisikia nini? Lakini sura ya pili haijaanza vizuri na Mungu anaagiza wale ndugu waitwe kwa jina jingine: dada yao sasa ni Ruhama, Aliyehurumiwa. Ameondoa silabi moja tu mbele, ile ya kukataa. Mungu mwenyewe, aliyetoa jina kwa hasira ya haki, alirudi akalitengeneza. Je, mimi niliyetoa jina kwa hasira isiyo ya haki, nisirudi?

Nilirudi. Nikamwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake, na nyumbani tukaanza kumwita Ruhama. Lakini jina la karatasi halibadiliki kwa maombi ya nyumbani; ni lazima kwenda mbele ya tribinali na kueleza sababu. Nilipokuwa tayari kwenda, yeye alikuwa karibu kumaliza sekondari. Akanizuia: "Papa, karatasi zangu zote tangu msingi zinasema Masengenyo. Ukibadilisha sasa, watanisumbua kwa diploma." Basi diploma ya serikali itakuja na neno lile, kwa herufi kubwa. Nitaitundika ukutani kwa furaha, na kila siku nitasoma hasira yangu.

Ndiyo sababu sikulala usiku ule. Yule ndugu alikuwa na siku chache tu za kuchagua, nami nilijua ni kitu gani kinachochaguliwa.

Sasa juu ya hilo la jina ambalo hakuna mtu mwingine analo. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Rais Mobutu alipoondoa majina ya Kikristo, na mapadri wakatishwa gereza kama watabatiza mtoto kwa jina la kizungu. Kuanzia 1990 mlango ulifunguka tena, na vijana wakaingia kwa mbio. Leo tuna Plamedi, maana yake mpango wa ajabu wa Mungu kwa Kifaransa kilichokatwa. Tuna Glodi, utukufu wa Mungu. Tuna Merdi, na Exaucée, aliyejibiwa. Mimi nayapenda mengi kati ya hayo. Ni werevu wa watu wetu: wamechukua Kifaransa wakakifinyanga kama udongo. Shida inakuja pale mzazi anapotafuta sauti tu, jina lenye kung'aa kama sahani mpya, naye akiulizwa Mungu alifanya nini katika nyumba yake hana la kujibu.

Tena msifikiri kwamba jina la kiroho ni lazima litoke katika Biblia, au ni lazima liwe la kizungu. Papa Simon alizaliwa Nkamba mwaka 1887, na jina Kimbangu, ambalo wazee hulifasiri mwenye kufunua yaliyofichika, ni jina la Kikongo. Na mama yetu Muilu Marie, aliyeshika kundi tangu 1921 wakati mume wake alipochukuliwa, na kufungwa miaka thelathini hapa Elisabethville mpaka kufa kwake mwaka 1951, yule mama aliyeficha waamini na kuwalisha, akafariki 1959 miezi michache tu kabla kanisa halijakubaliwa na serikali, je, Muilu imeandikwa wapi katika Biblia? Hata hivyo ni wangapi kati yetu wanaowaita binti zao Muilu? Jina la bibi yako mzaa mama, kama alikuwa mtu wa sala, ni la kiroho. Usimsikilize mtu anayekuambia kwamba jina la nyanya yako limefunga maisha ya mtoto na kwamba atalifungua kwa dola kumi. Huyo anauza, haombi.

Na ndoto? Wengi huja wakisema: nimeoteshwa jina. Mimi sikatai. Nyimbo zetu nyingi zilipokelewa hivyo, mtu akiwa amelala au akiwa shambani. Lakini mnajua utaratibu: wimbo uliopokelewa hauimbwi siku ile ile mbele ya watu. Unapelekwa kwa wale wanaochunguza, wanatazama maneno, wanatazama kama unamtukuza Bwana Yesu au unamtukuza aliyeuota. Fanyeni vivyo hivyo kwa jina. Lisemeni kwa sauti, mbele ya mama mzazi kwanza. Jiulizeni litasikikaje mwalimu akilisoma darasani, na litasikikaje mtoto huyo akiwa mama wa watu. Kama linamsema mtu fulani, liacheni, hata kama ndoto ilikuwa na mwanga.

Nimesema mama mzazi kwanza, na nasema tena. Katika Luka, jirani na ndugu walikuwa wameshampa mtoto jina la baba yake. Ni Elisabeti aliyekataa. Nao hawakumsikiliza, wakamgeukia mume, naye bubu wa watu akaandika juu ya kibao yale yale aliyoyasema mkewe. Sisi wanaume tunakwenda komini peke yetu kama kwamba ni sisi tuliobeba mimba.

Basi nilimrudishia yule ndugu karatasi yake, nikamwambia aende na bibi yake waombe siku tatu, kisha amuulize swali moja: ulikuwa unamwita nani tumboni? Alirudi siku ya nne, uso umebadilika. Kumbe katika mwezi wa sita damu ilitoka, na kwenye maternite waliwaambia wasitumaini sana. Yeye mume alikuwa safarini. Tangu siku ile mama aliweka mkono juu ya tumbo kila usiku, akisema neno moja tu: abaki. Bwana, abaki. Mtoto akabaki. Miezi mitatu mama alimwita Abaki, na hakuna mtu aliyejua, kwa sababu hakuna mtu aliyemuuliza.

Sijasikia mtu mwingine mwenye jina hilo katika mji huu. Watu watamtania, watauliza abaki wapi. Naye ataweza kuwajibu.

Abaki ataletwa mbele za Bwana siku ya Mungu ijayo, pamoja na watoto wengine. Kama mjuavyo, sisi hatumbatizi mtoto mchanga kwa maji. Tunamleta abarikiwe, na jina lake linasemwa mbele ya kanisa zima. Wazazi wote wenye watoto wa kubarikiwa tuonane Jumamosi saa tisa, baba na mama pamoja. Baba atakayekuja peke yake nitamrudisha nyumbani amlete bibi yake. Na kwa wale ambao hawajaandikisha mtoto komini, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa siku tisini tangu kuzaliwa. Njoni kwanza tuombe, halafu mwende.