Kadiri ya Figo na Kadiri ya Mtu

Katika Kiswahili mtu mzima ni yule asiye na ugonjwa, na pia ni yule aliyekwisha kukomaa, kana kwamba lugha yenyewe inakataa kutenga afya na utimilifu. Maabara haina anasa hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kutoa namba: figo za kijana mwenye afya huchuja takriban mililita 90 hadi 120 kwa dakika, na anayebaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa na maradhi sugu ya figo, ijapokuwa uchujaji hupungua wenyewe umri unapovuka miaka 40, na hapo tayari haijulikani kama kinachopimwa ni ugonjwa au uzee.

Swali hili la wapi kawaida huishia, mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikutana nalo zamani. Imamu Shafi (767–820), ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hakuwa na andiko la wazi la kupanga siku za hedhi, kwa hiyo yeye na wafuasi wake walitegemea istikirai, yaani kuchunguza hali za wanawake, mmoja baada ya mwingine, hadi kanuni ijitokeze. Uchache ukawa usiku na mchana mmoja, ghalibu, yaani kinachotokea mara nyingi, siku 6 au 7, na wingi siku 15, ambazo damu ikizipita huitwa istihadha na hukumu yake hubadilika. Ustadi wao ulikuwa kutochanganya ghalibu na mpaka, kwani mwanamke wa siku 12 yuko nje ya ghalibu lakini bado yumo ndani ya kawaida.

Tiba ya figo haikuwa na uangalifu huo daima. Namba zake husawazishwa kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 1.73, kipimo kilichotokana na Wamarekani wa miaka ya 1920, na kwa kuwa kupima uchujaji wenyewe ni kazi ngumu, hukadiriwa kwa kreatinini, yaani taka inayotoka kwenye misuli na kuondolewa na figo. Kanuni ya mwaka 2009 iliongeza jibu la mtu mweusi kwa asilimia 15.9, kwa dhana kwamba ana misuli mingi zaidi. Mwanamume wa miaka 50 mwenye kreatinini ya miligramu 1.5 kwa desilita alipata 54 akiandikwa mweupe na 62 akiandikwa mweusi. Damu ni ileile, mmoja mgonjwa, mwingine mzima. Kigezo hicho kiliondolewa mwaka 2021.

Sasa na afikiriwe mkulima wa Dimani, wilayani Kibiti, mwembamba, anayekula muhogo na samaki na kuonja nyama siku ya sikukuu. Misuli yake michache hutoa kreatinini kidogo, na karatasi ya majibu humsifia figo ambazo pengine zimekwisha kuchoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ambamo uchujaji ulipimwa kwa ioheksoli, dawa inayodungwa mshipani na kufuatiliwa inavyotoweka katika damu, ulionyesha kwamba makadirio ya kreatinini hukuza uwezo wa figo kuliko ulivyo, na kigezo cha rangi kiliongeza upotofu. Istikirai, kwa maneno mengine, ilikuwa imefanywa kwa watu wengine.

Kukadiria na kadari vimetoka katika shina moja la Kiarabu, lakini kadari ni ya Mungu na makadirio ni ya binadamu, na si haki makadirio kuvaa joho la kadari. Jambo hili si la vitabuni tu. Ramadhani inapoingia Dimani, mgonjwa anayehofiwa kudhurika ana ruhusa ya kula mchana, na anayemwambia kwamba yeye ni mgonjwa au si mgonjwa ni ile karatasi yenye namba moja, iliyokokotolewa kwa mwili usio wake.