Stesheni za Nani?

Sikieni, watu wa Nairobi, na ninyi wa Rongai, Kitengela, Ruiru na Kikuyu mnaoamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu. Reli tumeililia miaka mingi, na kila inapokuja tunaisaliti kwa mikono yetu. Kabla mpimaji hajachomeka kigingi cha kwanza, kabla ramani haijabandikwa kwa chifu, kuna mtu ameshanunua ardhi pale stesheni itakapowekwa. Jirani anamjua. Karani aliyemnong'oneza anajulikana. Wote wawili wanakaa safu ya mbele siku ya ibada, nasi tunawasalimu kwa heshima. Nani amewahi kuwauliza? Nani kati yetu hakutamani kwamba mnong'ono ule ungeanzia kwake?

Tunajua, na tunanyamaza.

Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mji ulizaliwa kandokando ya stesheni. Reli mpya ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, ilipozinduliwa mwaka 2017, stesheni yake ya Nairobi ikawekwa Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na ya Mombasa ikaachwa Miritini, nje ya kisiwa. Tukaambiana kwamba ardhi ya mjini ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini gharama ile haikutoweka, tulimtwika msafiri. Mwangalieni mama anayeshuka Syokimau kutoka treni ya usiku, kabla hakujapambazuka, mtoto mgongoni, mfuko wa maembe miguuni, madereva wa teksi wakimgombania, naye anapapasa leso kuona kama kilichobaki kitamfikisha soko la Gikomba. Huyo ndiye anayelipia kiwanja tulichokikwepa, na atakilipia kila safari.

Hatukujifunza. Mwaka 2019 reli ikasogezwa hadi Suswa, na kituo kilichopewa jina la Ongata Rongai kikajengwa upande wa Tuala, mbali na kitovu cha mji wenyewe. Mfanyakazi wa Rongai apande gari kwanza ndipo aifikie treni? Akishaketi kwenye gari, atashuka kwa nini? Na yako wapi matawi tuliyoahidiwa? Uwanja wa ndege wa JKIA uko karibu na Syokimau, na treni haiingii humo. Badala yake, kila mheshimiwa anataka reli ipinde ipite kwake, nasi tunampigia makofi, ingawa njia ikigawanyika matawi mawili kila tawi hubaki na nusu ya treni, na kila kona humwongezea dakika yule anayetoka mbali zaidi. Na anayetoka mbali zaidi mara nyingi ni maskini. Hilo nalo tunalijua.

Msiniambie ni serikali peke yake.

Ni mwenye nyumba aliyejenga ghorofa ndani ya hifadhi ya reli, na mpangaji aliyefurahia kodi nafuu. Ni mabanda yanayoota usiku mmoja penye fununu ya fidia. Ni mwenye matatu anayetaka stesheni ikae mbali ili abiria wasimponyoke. Ni mhandisi aliyeona kosa akatia sahihi kwa sababu ana karo za kulipa. Ni sisi waandishi tuliopiga picha utepe ukikatwa, tusiulize abiria atafikaje pale kwa miguu mvua ikinyesha. Katiba ya mwaka 2010 ilitupa haki ya kushirikishwa, nasi tumeigeuza kuwa soda na nauli ya kurudi nyumbani. Tunajiandikisha mlangoni mwa kikao, tunakaa, tunaondoka, na ramani haijafunguliwa. Jioni tunawalaani wezi wa ardhi, na usiku huohuo tunampigia simu dalali kuuliza kama kuna ploti iliyobaki. Tutamlaumu nani kwa watoto wetu, watakaporithi reli inayopita mbali na shule, soko na hospitali?

Inauma, kwa sababu mji huu ni wetu na hatuna mwingine.

Njia na stesheni ambazo bado ziko kwenye karatasi hazijamwagiwa zege. Kikao cha maoni kikiitishwa mtaani kwenu, nendeni, na ramani ifunguliwe mbele yenu. Ulizeni kutoka sokoni hadi stesheni ni dakika ngapi kwa miguu. Ulizeni treni zitapita mara ngapi kwa saa katika tawi lenu. Ulizeni ploti zinazoizunguka stesheni ni za nani na zilinunuliwa lini. Msitie sahihi mpaka mjibiwe.