Jina la Mfamasia na Haki ya Mgonjwa
Dola inapolitenga jina la kazi kwa waliosajiliwa tu, huzuka swali la kifalsafa: je, neno linaweza kumilikiwa kwa haki? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1852 ililinda jina la mfamasia aliyesajiliwa, lakini haikumzuia mtu mwingine yeyote kuuza dawa wala sumu, hata ikabidi itungwe sheria ya mwaka 1868 ili uuzaji wa sumu zilizotajwa nao uachiwe wenye sifa. Nchini Tanzania, Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelipa Baraza la Famasi mamlaka ya kuwasajili wafamasia, yaani wataalamu wa dawa wenye shahada. Hoja kwamba ulinzi huu ni choyo ya wenye vyeti ina ukweli kiasi, ila inamsahau mgonjwa, ambaye hana namna ya kupima ujuzi wa aliye nyuma ya kaunta, na hivyo humeza kidonge kwa kuliamini jina. Kwa hiyo jina hilo ni amana, yaani haki ya mwingine iliyowekwa mikononi mwa mtu, na anayejiita mfamasia bila kusajiliwa humdhulumu mgonjwa hata pale dawa aliyompa inapokuwa sahihi.