Adabu ya Kucheka

Katika misiba mingi ya Tanzania yuko mtu mwenye ruhusa ya kuchekesha wakati wenzake wanalia: mtani. Ataiga mwendo wa marehemu, atautangaza ubahili wake, pengine hata ataingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa, macho bado mekundu, hujikuta wanacheka. Utani huo huwa hata kati ya makabila. Wa Wangoni na Wahehe ulitokana na vita vyao vya karne ya 19. Wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua na misafara ya biashara iliyokuwa ikishuka pwani.

Wataalamu wamekuja baadaye na vipimo. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliotazama vichekesho, kisha wakapimwa ustahimilivu wa maumivu. Waliocheka kwa sauti walistahimili zaidi. Watafiti wanaamini kwamba misuli ikitikisika kwa kicheko, ubongo hutoa endofini, kemikali inayopunguza maumivu. Huko Baltimore, Marekani, mtafiti Michael Miller alionesha mwaka 2005 kwamba mishipa ya damu hutanuka vizuri mtu akitazama filamu ya kuchekesha, na husinyaa akitazama ya kutisha moyo. Waliopimwa walikuwa 20 tu, kwa hiyo mwenye presha asitupe vidonge vyake.

Robert Provine, naye mtafiti wa Marekani, aligundua kuwa mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Basi mwenye kutaka faida ya kicheko asijifungie na simu usiku kucha. Akae barazani na watu.

Lakini akae kwa adabu. Mtani humtania yule mwenye haki ya kumrudishia. Bosi anayemkejeli mfagizi mbele ya wageni hana utani hapo, maana mfagizi hawezi kumjibu. Anacheka kulinda kibarua chake. Kilema cha mtu, utasa wake na umaskini wake viachwe kabisa, hata kama mwenyewe anaonekana kuvizoea.

Si kila kicheko ni afya, vilevile. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko kilichochanganyika na kilio, hata shule ikafungwa. Hawakuwa na furaha yoyote. Wachambuzi wa baadaye waliona ni msongo uliotafuta pa kutokea. Anayecheka bila kuweza kujizuia asichekwe. Aulizwe kwa upole kinachomsumbua.

Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa naye apime. Mwenye pumu anaweza kubanwa na kicheko kikali. Aliyeshonwa tumbo juzi asiletewe kisa cha kumvunja mbavu. Kicheko kikimponyoka, apewe mto aukandamize kwenye mshono mpaka kipite.