Noti ya Mia Inanunua Nini?

Katika French Cancan, filamu ya Jean Renoir ya 1955, mfua nguo Nini anajifungia chumbani usiku wa uzinduzi wa Moulin Rouge. Danglard, mwandaaji na mpenzi wake, ameshapata mwingine. Anamfokea: watazamaji kwanza! Nini anatoka, anacheza. Nikapiga makofi, halafu nikaona haya.

Agosti 2022, mwaka wa tohara, hapa Lwakhakha, mpiga litungu alituomba apumzike kidogo. Vidole vilikuwa vimechubuka. Tukambandika noti ya mia kwenye paji la uso. “Papa, piga bwana!”

Akapiga hadi alfajiri. Tulimlipa, sawa, na huenda alipenda. Sisi hatukumuuliza. Asubuhi alishindwa kushika kikombe cha chai, na kuna mtu akacheka.