Nusu Chunguni, Nusu Udongoni



Mwezi wa tatu hapa Nakivale redio ilitangaza mvua. Tukapanda maharage, jua likawaka wiki mbili, mbegu zikafia udongoni. Ikatangaza jua, mvua ikalowesha mahindi tuliyoanika. Sasa tunaulizana: mbegu iliyobaki tuipike? Posho imepunguzwa, watoto wanalia. Hatumlaumu mama anayepika.

Lakini Mhubiri 11:4-6 inatuonya tusiache shamba kwa kuchunguza anga, kwani hatujui mbegu ipi itafanikiwa. Hata siku tuliyokimbia nyumbani hakuna aliyeitabiri, na Mungu alikuwa pamoja nasi njiani.

Basi, nusu tupike, nusu tupande. Mwenye mbegu amkumbuke jirani aliyekosa.

Mungu awabariki. Amina.